Tezi Ilipolala, Watu Walisema Nimenawiri

Mwezi wa sita ule, wakati watu wa Mbeya wanatembea wameficha mikono kwapani kwa baridi, mimi nilikuwa nafuma masweta nimevaa blauzi ya mikono mifupi na jasho linanitiririka mgongoni. Kazi yangu ndiyo hiyo: nafuma masweta ya shule kwa mashine, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, mtaa wa Soweto. Wateja waliingia wakitetemeka, wakanikuta nimefungua mlango na dirisha, wakauliza, "Mama Neema, wewe huoni baridi?" Nilijisikia fahari. Nilidhani damu yangu imekuwa kali kuliko ya wenzangu.

Naanza na jasho kwa sababu ndilo lililonidanganya kwanza. Mtu akiugua unategemea alale, chakula kimshinde, aumwe mahali. Mimi nilikula sahani mbili za ugali na parachichi zima, na baada ya saa moja nikawa natafuta kiporo. Niliamka kabla ya majogoo, nikafagia uwanja, nikafua, nikakaa kwenye mashine. Na bado nguo zilinipwaya. Sketi yangu ya kanisani niliipunguza mara tatu kati ya Pasaka na mwezi wa saba.

Kilichonishtua ni mikono. Mashine ya kufumia ina sindano nyingi zilizopangwa kama meno ya chanuo. Ukikosea sindano moja, uzi unaachia, na tundu linashuka mpaka chini. Nilikuwa nimefuma miaka tisa, na tundu kwangu lilikuwa jambo la wanafunzi. Sasa kila sweta lilikuwa na tundu. Siku moja nikanyoosha mkono mbele yangu, nikauangalia. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe, haraka haraka, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi. Nikamwita jirani aje aone. Sikuwa nimeogopa bado. Nilikuwa nashangaa tu: nani anavichezesha?

Mume wangu hakushangaa. Aliogopa. Jina lake Ambokile, Mnyakyusa wa Tukuyu, fundi wa springi za malori kwenye gereji moja ya Iyunga, mtu wa maneno machache. Alimwona mke wake anakonda huku anakula, macho yametoka, na hasira ziko mlangoni muda wote. Jioni moja aliniuliza chumvi iko wapi, nikarusha mwiko ukutani. Kwa chumvi. Aliuokota, akauosha, akasema taratibu, "Mama Neema, twende tukapime."

Nilijua anasema kipimo gani. Mtu akikonda hivyo, mtaa mzima unajua kipimo gani. Tulipima wote wawili na tulikuwa salama. Tulipokuwa tunatoka, muuguzi mmoja mtu mzima akanishika mkono.

"Mama, meza mate."

Nikameza.

"Meza tena." Alikuwa anaangalia shingo yangu. "Hii shingo umeiona wewe mwenyewe?"

Sikuwa nimeiona. Kila asubuhi najitazama kwenye kioo, na sikuwa nimeona kwamba chini ya koo kuna kitu kinapanda na kushuka kama yai. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nina tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi.

Niliporudi nyumbani na habari hiyo, jirani yangu alicheka. "Tezi? Si ugonjwa wa wazee wa kiume huo?" Ikabidi nieleze kwamba ile ni tezi nyingine, hii ya kwangu iko shingoni, na kila mtu anayo. Nimeieleza hivyo mara nyingi sana tangu wakati huo, mpaka kwa kasisi.

Nilitumia vidonge vya kuituliza kwa mwaka mmoja na nusu. Nikiwa navyo natulia. Walipojaribu kuniachisha, mikono ikaanza tena kucheza. Ndipo daktari wa Mbeya akasema niende Dar es Salaam, nikapewe dawa ya iodini yenye mionzi. "Unameza mara moja," alisema, "inaingia kwenye tezi, inaipunguza nguvu." Neno mionzi lilimnyima Ambokile usingizi. Mimi, nisifiche, lilinitamanisha. Nilitaka kuiona inafananaje.

Hospitalini Dar tulikuwa watu saba kwenye benchi moja refu la mbao, tunasubiri kuitwa. Wote tumekonda, wote macho makubwa, wote tunachezesha miguu. Benchi zima lilikuwa linatikisika. Mzee mmoja aliyemsindikiza binti yake alishika ukingo, akasema, "Jamani, tunasafiri?" Tukacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Kwa miaka miwili nilidhani niko peke yangu na mwili huu, kumbe kuna benchi zima. Kama unaogopa kwenda, jua kwamba kwenye benchi utawakuta wenzako.

Mtaalamu aliyenipa dawa alikuwa kijana mwenye miwani. Alileta kopo dogo la madini ya risasi, zito hivi kwamba alilibeba kwa mikono miwili, na ndani yake kulikuwa na kidonge kama vidonge vyote vya duniani.

"Ndiyo hiki tu?" nikauliza.

"Ndiyo hicho tu, mama."

"Kitajuaje njia ya kwenda shingoni?"

Akatabasamu. "Tezi yako ina njaa ya iodini. Itakiita yenyewe."

Nikameza na maji. Hakikuwa na ladha. Nilikaa nikisubiri joto, mwasho, chochote. Hakuna. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akanielekezea kifaa fulani, nacho kikaanza kulia tiki tiki tiki. "Sasa unasikika," alisema. Nimelibeba neno hilo mpaka leo. Nilikuwa nimekaa kimya kabisa, na nilikuwa nasikika.

Masharti yalikuwa mengi. Nisilale chumba kimoja na mtu kwa siku kadhaa. Nisikae karibu na mjamzito. Sahani yangu peke yake, nguo zangu peke yake, chooni nimwage maji mara mbili. Nisishike mimba kwa miezi sita. Na mtoto mdogo asinikumbatie mpaka siku walizonihesabia ziishe. Neema alikuwa na miaka minne. Niliandika sharti hilo kwenye kiganja kwa kalamu, kana kwamba ningeweza kulisahau.

Kwa hiyo sikurudi Mbeya moja kwa moja. Nilikaa siku chache kwenye chumba cha uani kwa binamu yangu, na waliponiruhusu kupanda basi nilikwenda kwa mama yangu, nje kidogo ya Iringa mjini, njia ya Kalenga, ambako hakuna mtoto nyumbani. Ulikuwa mwezi wa tisa, vumbi jekundu na upepo. Mama alinipokea akiwa mlangoni. "Kamwene, mwanangu," alisema, salamu yetu ya Kihehe, na akaanza kunijia kwa mikono miwili.

"Mama, simama hapo hapo!"

Akasimama. Tukaangaliana uwanja mzima ukiwa kati yetu, mimi na begi langu, yeye na mikono yake hewani. Kisha akachukua kigoda, akakaa pale pale alipokuwa. "Haya," akasema, "tusalimiane kwa mbali kama wagomvi."

Ndivyo tulivyoishi wiki mbili. Aliniwekea chakula juu ya kigoda katikati ya uwanja, akarudi nyuma, mimi nikaenda kuchukua. Jioni tuliota jua, yeye ukuta huu na mimi ukuta ule, tukipaaza sauti. Aliniambia mambo ya ujana wake ambayo hakuwahi kuniambia tukiwa bega kwa bega, nadhani kwa sababu hakulazimika kuuangalia uso wangu kwa karibu. Nilijua siku hizo kwamba kabla ya baba kulikuwa na mwanaume mwingine, fundi cherehani wa Ifunda. Sikuwahi kufurahia ugonjwa, lakini zile jioni nazihesabu kama zawadi.

Neema nilimsikia kwenye simu tu. Baba yake alikuwa amemweleza kwamba mama amemeza dawa yenye mwanga. "Mama, bado unawaka?" aliuliza kila siku. "Bado kidogo," nikamjibu. Siku zilipotimia na nikafika Soweto, alinisogelea polepole, akagusa shingo yangu kwa kidole kimoja, akakivuta haraka. Halafu akakiangalia kidole. "Umezimika," akasema, ndipo akanirukia.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu. Sina neno jingine. Mwezi wa kumi mikono yangu ilitulia. Nilifuma sweta zima la kijani bila tundu hata moja, nikalining'iniza ukutani nikaliangalia kama picha. Moyo haukunipigia ngoma tena nikipanda kilima cha kanisani. Wiki ya sita nilikwenda kupima Mbeya, na daktari, dada mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akasema, "Vipimo vizuri kabisa. Lakini mama, usipotee. Rudi baada ya wiki sita nyingine. Tezi hii inaweza kuendelea kushuka nguvu mpaka ipitilize."

Mimi nilisikia "vizuri kabisa". Mengine yalipita sikio la pili.

Wiki sita nyingine ziliangukia mwezi wa kumi na mbili. Kila mfumaji wa masweta anajua maana ya mwezi huo: shule zinafunguliwa Januari na kila mzazi anataka sweta jana. Sikwenda. Nilijiambia mgonjwa ni yule anayeumwa, na mimi siumwi.

Na kweli sikuwa naumwa. Nilikuwa nanenepa. Kwanza mashavu, kisha mikono, kisha pete ya ndoa ikakataa kutoka. Jamani, nilisifiwa! Akina mama wa jumuiya walinigusa mkono wakisema, "Umenawiri, Skola! Sasa ndiyo umekuwa mke wa mtu." Mama mkwe wangu kutoka Tukuyu alinipigia simu kunisifu unene na kumpongeza mwanawe kwa kunitunza. Ambokile alininunulia kitenge kipya kwa kuwa vya zamani havikunienea. Watu walionizika mioyoni mwao mwaka uliopita walikuwa wananiona nimefufuka. Ungethubutuje kusema hujisikii vizuri?

Tena sikujua kwamba sijisikii vizuri. Hilo ndilo ninalotaka mwenzangu ulishike. Ugonjwa wa kwanza ulikuja na kelele, huu wa pili ulikuja kama mtu anayekufunika blanketi. Kila siku nilikuwa nimechelewa kidogo kuliko jana. Nilianza kuona baridi, mimi yule wa blauzi fupi. Mwezi wa pili, wakati wa mvua na joto lake, nilikuwa nafuma nimevaa masweta mawili ya wateja. Ngozi ya miguu ilikauka ikawa kama ya mtu aliyekanyaga majivu. Nywele zilibaki kwenye chanuo. Chooni nilikwenda mara moja kwa wiki. Na sauti ikashuka. Mteja mmoja alipiga simu, nikapokea, akasema, "Samahani baba, naomba kuongea na Mama Neema." Nikacheka. Kicheko nacho kilitoka kizito, kikachelewa.

Nilikuwa nakaa kwenye mashine na kujiuliza mambo madogo kwa muda mrefu. Kwa mfano, nimefuma mkono wa kushoto au wa kulia? Naangalia. Najibu. Nasahau jibu. Sweta moja lilikwenda na mikono miwili ya kushoto, na mwenye mtoto hakurudi tena.

Halafu ikaja ile siku ya mwezi wa tatu.

Neema alikuwa chekechea, anatoka saa sita mchana, na mimi ndiye niliyekuwa namfuata. Mvua ilianza kunyesha saa tano na nusu. Nikakaa kwenye kiti ili ipungue. Ndivyo ninavyokumbuka: nilikaa ili ipungue. Kilichofuata ni mlango kufunguliwa na Ambokile kusimama pale na ovaroli lake lenye grisi, Neema begani, wote wawili wanachuruzika maji. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa.

Mtoto alikuwa amechoka kunisubiri. Akaondoka mwenyewe kwenye mvua, akaifuata barabara kuu kuelekea Iyunga, kwa baba yake, pembeni ya malori yanayokwenda Zambia. Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara alimwona, akamshika mkono, akamuuliza baba yake anafanya kazi wapi, akampeleka mpaka gereji.

"Ulikuwa wapi?" Ambokile aliniuliza.

"Hapa."

"Unafanya nini?"

Nilitafuta jibu. Majibu siku hizo yalikuwa yanatoka mbali. "Nilipitiwa," nikasema.

Alimshusha Neema, akaanza kumvua viatu. Hakunitazama. "Zamani ulikuwa unatupigia kelele. Sasa hata kelele huna. Mama Neema, umetuchoka?"

Nilijua kwamba hapo mwanamke analia. Nilisubiri machozi kama ninavyosubiri maji ya bomba, hayakuja. Kilichonijia ni mshangao wa mbali kabisa: mbona hata hili haliniumi? Jumamosi Ambokile alimpeleka Neema kwa mama yake Tukuyu. "Mpaka upumzike," alisema. Mimi ndiye niliyekunja nguo za mtoto. Sikubishana. Gari lilipoondoka nilihisi nafuu, nikaingia ndani, nikalala. Mpaka leo nikikumbuka ile nafuu, mwili unanisisimka.

Aliyeniokoa hakuwa daktari. Ni Mama Kirti, mwenye duka la nyuzi mjini. Ni Mhindi wa hapa hapa Mbeya, mjane, ninanunua nyuzi kwake tangu nilipoanza kazi. Mwezi wa nne nilikwenda kuchukua uzi wa bluu. Nikasema ninachotaka, naye badala ya kugeukia rafu akabaki ananiangalia.

"Skola, hiyo sauti ni mafua?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

Nikafikiri. "Krismasi, labda."

"Hebu vua skafu." Nikavua. Akatoka nyuma ya kaunta, akanigeuza uso kwenye mwanga wa mlango kama anayekagua kitambaa. "Nyusi zako zimeishia katikati. Umeona?"

Sikuwa nimeona, kama nilivyokuwa sijaiona shingo. Mama Kirti akavuta droo, akatoa paketi ya vidonge vidogo vyeupe, akaiweka mbele yangu.

"Mimi nakunywa hivi miaka kumi na minane. Kabla ya hapo nilikuwa nalala juu ya kaunta hii hii, wateja wananiamsha. Marehemu mume wangu akidhani ni huzuni, kwa sababu mama yangu alikuwa amefariki. Haikuwa huzuni. Ilikuwa tezi."

"Lakini mimi tezi yangu ilishapona," nikasema. "Nilikwenda mpaka Dar."

"Imepona au imekufa?"

Akafunga duka. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, Mama Kirti akafunga duka lake, akasimamisha bajaji, akaniingiza ndani na kunikalisha kama mzigo wa thamani. Kwenye benchi la hospitali alikaa nami mpaka nilipotolewa damu. Kila nilipoanza kusinzia alinigusa goti.

Benchi la safari hii halikutikisika. Tulikuwa wawili tu wenye shida ya tezi, mimi na mama mmoja kutoka Makete aliyejifunga mashuka mawili ya kimasai. Tuliulizana hali, na kila swali lilichukua dakika kujibiwa.

Daktari alikuwa yule yule dada mpole. Siku majibu yalipotoka aliyasoma, akayasoma tena.

"Mama, ulitakiwa kuja mwezi wa kumi na mbili."

"Nilikuwa na masweta," nikasema.

Hakunigombeza. Alikivuta kiti chake karibu. "Tezi yako imelala kabisa."

"Itaamka?"

"Haitaamka. Lakini kazi iliyokuwa inafanya, tutaifanya kwa kidonge. Kimoja kila asubuhi, maisha yako yote."

Maisha yote. Nilidhani neno hilo litanivunja. Badala yake nilitaka kujua jambo moja. "Dokta, kwa hiyo sijawachoka?"

"Nani?"

"Watu wangu."

Hakunielewa, na mimi nilikuwa mzito mno kueleza. Lakini nilipotoka nje, ndipo machozi niliyoyasubiri tangu mwezi wa tatu yakaja. Mama Kirti, aliyekuwa amenisindikiza tena, alinipa ncha ya sari yake nifutie.

Usifikiri nilimeza leo nikaamka kesho. Wiki sita za kwanza hazikubadilisha kitu. Nilirudi kupima, kipimo kimesogea kidogo tu. Safari hiyo Ambokile alinisindikiza. Alikuwa ameambiwa kila kitu lakini sikujua anaamini nini.

"Kidonge unakunywa na nini?" daktari aliuliza.

"Na chai ya maziwa."

Akaweka kalamu chini. "Mama, maziwa yanakizuia. Maji matupu, tumbo tupu, halafu usubiri saa nzima ndipo unywe chai."

Saa nzima bila chai, asubuhi ya Mbeya! Nilikubali hilo kwa shida kuliko nilivyokubali mionzi.

Ndipo Ambokile akakohoa. "Dokta, na mimi nina swali." Alikuwa ameshika kofia yake magotini. "Huyu mke wangu kwanza alikuwa mkali. Halafu akawa mzito, akamsahau hata mtoto. Sasa, wa kwangu ni yupi?"

Daktari hakucheka. "Hakuna kati ya hao, baba. Wa kwako tunamtafuta. Na siku ile ya mtoto, hata ungempigia ngoma sikioni asingeamka. Usimhesabie."

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kona moja alisimama kununua mahindi, akavunja hindi moja katikati, akanipa kipande kikubwa. Tukatembea. Kisha akasema, "Nilikuambia neno baya."

"Lipi?"

"Unalijua."

"Siku hizi kumbukumbu yangu inatembea polepole. Litaje."

Alitafuna kwanza. "Nilisema umetuchoka. Haikuwa kweli." Kwa Ambokile hiyo ni hotuba ndefu.

Mwezi wa nane, baada ya kidonge kuongezwa mara mbili, asubuhi moja niliamka na kusikia ndege. Ndege walikuwepo siku zote, bila shaka. Ila nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuamka na kutaka kujua nje kuna nini. Wiki hiyo tulikwenda Tukuyu kumchukua Neema.

Alijificha nyuma ya bibi yake. Kwa miezi mitano hiyo alikuwa ameota jino jipya, amejifunza Kinyakyusa kuliko mimi niliyeolewa nacho. Mama mkwe alinikalisha, akanipa ndizi, akasema, "Mwanangu, mimi nilikusifu unene. Nilikuwa nakusifia ugonjwa." Nikamwambia hakuwa peke yake.

Neema alinichunguza muda mrefu kutoka mlangoni. "Utalala tena?" akauliza.

Ningeweza kumwahidi. Lakini nimejifunza kutoahidi kwa niaba ya mwili huu. "Nikilala mchana," nikamwambia, "uniamshe. Nisipoamka, umwite baba." Alilifikiria hilo, akaona linafaa, akaja kukaa pembeni yangu, si mapajani. Mapajani alirudi baada ya wiki mbili.

Kama na wewe umemeza ile dawa na sasa uko kwenye zile wiki tamu, nakuomba uende siku uliyopangiwa, hata kama hujisikii chochote, na hasa kama hujisikii chochote. Watu watakusifu. Wapokee sifa zao, kisha ukapime. Mwambie mtu mmoja unayeishi naye akuangalie nyusi na asikilize sauti, kwa sababu wewe mwenyewe hutaona. Na kidonge unywe kwa maji matupu.

Sijarudi kuwa yule wa zamani. Macho yangu bado yametokeza kidogo, watoto wa jirani huniita mama macho. Uzito ulishuka nusu njia ukagoma. Nafuma masweta machache kwa wiki kuliko zamani, ila hayana matundu. Na mwili wangu unanishangaza bado. Nikipata hasira, au huzuni, au furaha ya ghafla, nasimama kwanza kuitazama inatoka wapi. Tezi ndogo hivyo, iliyokuwa inatosha kwenye kiganja, iliwahi kunipa tabia mbili ambazo hazikuwa zangu. Sasa nikikutana na tabia, naiuliza jina.

Mwezi wa sita uliofuata, baridi ikiwa imeshika, nilikuwa nimemaliza masweta meupe ishirini ya shule moja ya mjini, nimeyapanga juu ya kiti. Ambokile akaingia kutoka gereji, na bila kutazama, akayakalia na ovaroli lake la grisi.

Nilipiga kelele. Nilipiga kelele iliyotoka unyayoni. Nilisema kuhusu grisi, kuhusu macho aliyopewa na Mungu, kuhusu miaka kumi ya kuvua ovaroli mlangoni aliyoniahidi. Neema akaacha kutafuna. Ambokile alisimama polepole, akageuka kuangalia alama nyeusi aliyoacha, kisha akaniangalia mimi, na macho yake yalikuwa ya uangalifu sana.

"Mama Neema," akasema, "hii ni tezi au ni wewe?"

Nikaweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wangu, nikasikiliza. Moyo ulikuwa unatembea mwendo wake. Mikono ilikuwa imetulia. Asubuhi nilikuwa nimekunywa kidonge na maji, nikasubiri saa nzima.

"Ni mimi," nikasema.

"Ah," akasema Ambokile, na uso wake ukafunguka. "Basi endelea." Akaenda kutafuta sabuni.